Daktari kapiga simu anataka kuongeza kipimo: usiseme "sawa" kabla hujaiona sampo

Kama unafanya kazi maabara ya hospitali hii simu unaijua. Saa 9 mchana, ndo umekaa unywe chai yako iliyoshapoa, simu ya mezani inalia, "maabara hapo? Ile damu ya mama wa kitanda namba 6 niliyoleta asubuhi, naomba mniongezee elektrolaiti na kalisiamu, sawa eeh?" na kabla hujafungua mdomo vizuri kashakata. Ushasema "sawa dokta" na hujui tyubu iko wapi, ina masaa mangapi, imebaki kiasi gani, na huyo mama jina lake nani maana kitanda namba 6 mchana huu anaweza akawa kalala mtu mwingine kabisa.

Mi nimefanya kazi hizi miaka ya kutosha na nakwambia vipimo vya nyongeza ndo mlango ambao makosa yanaingilia bila kupiga hodi, kwa sababu sampo ya kawaida inapita mapokezi, inakaguliwa, inaandikwa, inapewa namba, ila hii ya nyongeza inaingia kwa simu tu, haipiti popote. Basi nitaandika hapa jinsi tunavyoziendesha, kwa hospitali zetu hizi za Tanzania, za rufaa na za wilaya, ambazo mashine ni moja au mbili na friji ni hilohilo.

Kwanza tusiwe wagumu bila sababu. Kuna wenzetu wakisikia "ongeza" wanajibu leta sampo mpya, basi, wamemaliza. Hiyo sio sawa. Mtoto njiti wa kilo 1 damu yake yote mwilini inazungukia mililita 80 mpaka 100, ukimchoma kila daktari akikumbuka kitu utamwongezea upungufu wa damu mwenyewe kwa mikono yako. Mgonjwa wa selimundu mishipa imeshachoka, mama wa kansa aliyemaliza mizunguko ya dawa ukimwona anavyotazama sindano utaelewa. Kama ile damu ya asubuhi inafaa, itumie. Swali ni kama inafaa, na hilo halijibiwi kwenye simu, linajibiwa kwenye raki.

Ukipokea simu

Jibu la kwanza lijifunze kama salamu: "Dokta ngoja niiangalie sampo, nakupigia ndani ya dakika 5." Hata kama ni bingwa unayempa shikamoo kila asubuhi, jibu ni hilohilo. Alafu kabla hajakata mdake na maswali: jina kamili la mgonjwa na namba ya hospitali (namba ya kitanda haihesabiki), wodi, anataka kipimo gani, sababu ni nini, ni ya haraka au inasubiri, na yeye mwenyewe ni nani na anapatikana namba gani. Alafu umsomee ulichoandika. Kusomea watu wanaona ni mbwembwe lakini kwenye simu "kalisiamu" na "potasiamu" zinafanana sana ukiwa na sentrifuji inanguruma nyuma yako, na "Mwanaidi" na "Mwanahawa" ndo usiseme.

Hiyo ya sababu ina kazi yake. Akikwambia "nimempa dawa ya kushusha potasiamu saa 6 nataka kuona imeshuka" we unajua palepale kwamba damu ya saa 12 asubuhi haimsaidii chochote, maana kipimo cha nyongeza kinamwongelea mgonjwa alivyokuwa wakati sindano inaingia, sio alivyo sasa hivi. Hapo anahitaji damu mpya hata kama tyubu yako bado nzuri kabisa. Madaktari wengi wakielezwa hivi wanasema aah kweli, wala hawagombani.

Na jaman hizi za wasap. Mtu anapiga picha fomu ina jina la mgonjwa na ugonjwa wake anaitupa kwenye grupu la wodi lenye watu 60, wengine walishahama hospitali tangu mwaka juzi. Usilipokee hilo kama ombi. Mwambie apige simu au aingize kwenye mfumo.

Sasa nenda kwenye raki

Kuipata tu sampo ni kazi kama hamjajipanga. Sisi tuliweka raki kwa siku, zina stika ya rangi, na tyubu inapangwa kwa namba ya maabara ya siku hiyo, ikishatoka kwenye mashine inafunikwa inarudi nafasi yake. Kufunika ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri, sampo ikikaa wazi juu ya mashine kwenye joto la Dar na feni inapuliza maji yanapungua, seramu (yale maji ya njano ya damu) inakuwa nzito na majibu yanapanda kidogokidogo, sodiamu, kalisiamu, vyote. Ukikuta kikombe cha sampo kimeachwa wazi tangu asubuhi sahau.

Ukishaishika angalia vitu vinne: ni tyubu gani, ina masaa mangapi tangu damu itoke (sio tangu ifike maabara, hapa wengi wanakosea), ikoje kwa macho, na imebaki kiasi gani.

Aina ya tyubu kwanza. Ya zambarau, ile ya FBP (kipimo cha seli za damu), ndani ina EDTA ya kuzuia damu isigande, na EDTA yenyewe ni chumvi ya potasiamu alafu inang'ang'ania kalisiamu, kwa hiyo usiongeze elektrolaiti (chumvi za damu kama sodiamu na potasiamu) wala kalisiamu wala ALP (kimeng'enya cha ini na mifupa) hapo hata akupigie magoti. Ya kijivu ya sukari ina floridi na mara nyingi oksaleti ya potasiamu, elektrolaiti hapana, na hata urea kwa mashine zinazotumia urease inakorofisha maana floridi inazuia kimeng'enya hicho. Ya bluu ya kuganda damu ni ya kuganda damu tu, na lazima iwe imejaa mpaka mstari. Kwa kemia unatafuta nyekundu au njano yenye jeli, au kijani kama mashine yenu inakubali.

Kuna siku utakuta potasiamu 14 na kalisiamu iko chini ambayo mtu hawezi kuwa nayo akiwa hai. Usishtuke ukapiga simu wodini, kuna mtu damu ilimpungukia kwenye nyekundu akamiminia kutoka kwenye zambarau. Hiyo ni saini yake kabisa.

Ikoje kwa macho: ikiwa imehemolaizi, yani seli nyekundu zimepasuka, seramu nyekundu kama juisi ya rozela, potasiamu na AST na LDH (vimeng'enya vya ndani ya seli) zote zitapanda za uongo. Na angalia hapa, sampo inaweza ikawa ilipokelewa asubuhi kihalali kwa sababu walitaka kreatinini (kipimo cha figo) tu na hemolisisi ilikuwa ndogo, ikatoka jibu zuri. Kwamba ilifaa kwa kipimo cha kwanza haimaanishi inafaa kwa cha pili. Kila kipimo kinaikagua sampo upya.

Kiasi: kipimo kimoja cha kemia kinakula maikrolita chache tu, ila mashine inataka kiasi fulani cha chini kibaki kwenye kikombe ndo sindano yake ifike, na hicho ndo kinachowaumbua watu. Kila mashine ina kiwango chake kwenye kitabu chake, kiandike kwenye karatasi kibandike pembeni. Ikiwa haitoshi vyote, mpigie daktari achague, usimchagulie.

Potasiamu, maana hii ndo iliyonifundisha

Kosa hili nililifanya mwenyewe, jina la hospitali silitaji. Zamu ya usiku, sampo ya jioni ya mzee mmoja ilikuwa ya vipimo vya kesho yake asubuhi, mtu akaona aitunze, akaiweka friji bila kuizungusha kwenye sentrifuji kutenganisha seramu na seli. Asubuhi mimi nikaizungusha nikafanya kreatinini, ikatoka vizuri. Saa 4 wakapiga waongezewe potasiamu. Seramu ilikuwa safi, njano nzuri, hamna wekundu wowote, nikasema si ipo hapahapa, nikaweka, ikatoka 7.9, nikapiga simu kama jibu la hatari kama SOP (mwongozo wetu wa kazi) inavyosema. Bahati nzuri yule daktari alikuwa mtu wa kutulia, akaangalia ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya mzee haina kitu, akaniuliza "hii damu mliizungusha saa ngapi?" Nikanyamaza. Ikachukuliwa mpya, 4.3. Angekuwa mtu wa haraka angemwaga insulini mle ya kushusha potasiamu.

Kilichotokea ni hiki: seli nyekundu zimejaa potasiamu ndani na zina pampu inayoirudisha ndani kila inapovuja. Pampu inakula nguvu. Ukiweka damu nzima kwenye baridi pampu inalala, potasiamu inavuja inabaki nje, na seli hazipasuki kwa hiyo huoni wekundu. Yani friji ambalo tunaliamini kwa kila kitu kwa potasiamu ya damu isiyotenganishwa linaharibu zaidi kuliko meza. Tenganisha kwanza ndo uweke friji. Ikiwa seramu imeshatengwa na seli mapema, potasiamu utaongeza bila wasiwasi mkubwa hata siku hiyo yote.

Nyongeza ya hapo, tyubu za jeli usizizungushe mara ya pili. Unakuta mtu anaona seramu imepungua juu ya jeli anasema ngoja nirudishe kwenye sentrifuji ipande nyingine kidogo. Kile kilichobaki chini ya jeli kimekaa na seli masaa yote hayo, ukizungusha tena kinapanda juu kinachanganyika, na potasiamu yako imekwenda.

Vingine, kwa haraka

Sukari: damu isiyotengwa seli zinaendelea kula, inashuka kama asilimia 5 mpaka 7 kila saa, na kwa mwenye seli nyeupe nyingi sana ni mbio zaidi. Kwa hiyo kuongeza sukari kwenye nyekundu iliyokaa masaa 4 haijazungushwa ni kumpa daktari upungufu wa sukari usiokuwepo. Kijivu inasaidia ila nayo floridi inachukua saa moja na zaidi kabla haijazuia kweli. HbA1c (sukari ya wastani ya miezi kadhaa) kinyume chake, haina presha, zambarau ikiwa friji inakaa siku kadhaa, hiyo ongeza tu.

Kuganda damu: PT inavumilia masaa 24 kwenye joto la kawaida, APTT ni masaa 4, na kama mgonjwa yuko kwenye heparini izungushwe ndani ya saa moja. Hii inaleta ugomvi kila wiki, wameleta PT asubuhi, mchana wanataka APTT kwenye tyubu ileile. Muda umepita dokta, pole.

FBP yenyewe siku nzima haina shida kubwa, lakini slaidi ya kuangalia seli ikichelewa masaa mengi seli zinaanza kubadilika maumbo na utaandika vitu ambavyo mgonjwa hana. Ndo maana sisi FBP yoyote ambayo mashine imelalamika tunatengeneza slaidi palepale tunaiweka, wakija kuiomba saa 10 jioni tunayo. ESR (kasi ya seli kutulia chini) masaa 4 ikiwa mezani. Kipimo cha selimundu kwenye zambarau ya jana iliyokaa friji, hamna neno.

Bilirubini, ile inayoleta umanjano, inaogopa mwanga. Ya kichanga iliyokaa karibu na dirisha tangu asubuhi usiiongeze, itatoka ya chini na mtoto atanyimwa taa anayoihitaji.

Amonia na gesi za damu usiongeze kabisa, kama haikuja kwa ajili hiyo haikuja.

Mkojo: kama umeshachovya stripi ndani ya kikopo kizima alafu wanataka kuotesha (kukuza bakteria), hiyo imeshachafuliwa. Mazoea mazuri ni kumimina kidogo pembeni ndo uchovye, kile kikuu kikiwa friji unaweza kuotesha ndani ya masaa 24, kikiwa mezani masaa 2 tu.

Maji ya uti wa mgongo yanahitaji adabu ya pekee kwa sababu hakuna mtu anataka kurudia kumchoma mgonjwa mgongoni. Hapa ukipewa tyubu moja yenye matone, kuotesha kwanza, kemia mwisho, na kinachobaki usikitupe hata kiwe maikrolita 200, maana kesho wakikumbuka kuuliza CrAg (kipimo cha fangasi wa kriptokokasi) kipo. CrAg inakubali sampo iliyokaa friji. Kuotesha bakteria haikubali, hao wa uti wa mgongo baridi linawaua, na kuhesabu seli ni ndani ya saa moja, ikizidi seli nyeupe zinayeyuka na utasema hamna kitu.

Hizi namba ni za kuanzia, zile za kwenye karatasi ya kitendanishi chenu ndo zinatawala, mashine na mashine zinatofautiana. Cha maana ziandikwe ukutani, kipimo, tyubu, mwisho wa kuongeza. ISO 15189 ya 2022, kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, yenyewe inataka maabara iwe na kikomo cha muda wa kuomba nyongeza kwenye sampo ileile, kwa hiyo mkaguzi akija atauliza, na ukimwonyesha karatasi ukutani ambayo hata intern anaisoma anafurahi.

Ambazo hata tyubu ikiwa nzuri usikubali kwa simu

Damu ya kuongezewa. Mtu anasema "si mnayo zambarau ya FBP, fanyeni grupu na krosimachi humo." Hapana. Tyubu ya FBP iliandikwa jina na nani, wapi, kitandani kwa mgonjwa au kwenye meza ya manesi ikiwa na nyingine 5? Kosa la jina kwenye FBP linaleta majibu ya ajabu, kosa la jina kwenye krosimachi (kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji) linaua. Sampo mpya, fomu yake, saini ya aliyetoa. Hata ile ya benki ya damu yenyewe, kama mgonjwa kaongezewa damu au ni mjamzito ndani ya miezi 3 iliyopita, baada ya siku 3 haitumiki tena kwa krosimachi mpya.

VVU nayo. Sheria yetu ya Ukimwi ya 2008 inataka ridhaa ya mgonjwa, na "niongezee tu hapo kimyakimya" sio ridhaa. Wodini kuna watu wa ushauri nasaha, waende wakaongee nae.

Karatasi na hela

Hili watu hawaliandiki kwenye SOP lakini ndo linalochelewesha majibu kuliko mashine. Kipimo kimeongezwa kwa simu, umefanya, jibu unalo, lakini kwenye mfumo hakipo kwa hiyo hakilipiwi na hakitokei kwenye skrini ya daktari, ndugu wa mgonjwa anazunguka dirishani anaambiwa hamna kitu kama hicho. Kwa dharura fanya kwanza, karatasi ifuate, hilo halina mjadala. Kwa isiyo dharura mwambie daktari aingize ombi kwenye mfumo ndo uweke kwenye mashine, ni dakika 2. Wa bima mwambie mapema, ombi lisiloonekana kwenye kumbukumbu za mgonjwa bima wanalikata na hospitali inakula hasara.

Simu tunaziandika kwenye rejista moja, kaunta-buku ya kawaida tu: tarehe, saa, mgonjwa na namba, kipimo, aliyeomba, aliyepokea, saa damu ilipotoka, imekubaliwa au imekataliwa na kwa nini. Daktari akishaingiza ombi tunaweka tiki. Bila tiki mpaka mwisho wa shifti, anayeondoka anampigia.

Lebo mpya ikitoka usiibandike juu ya ile ya kwanza, ibandike pembeni, jina la mwanzo na saa ya kutoa damu vibaki vinasomeka. Na ukigawa seramu kwenye kikombe, andika kikombe kabla ya kumimina.

Kutoa jibu na kukataa

Jibu la nyongeza liende na maneno yake: damu ilitolewa saa fulani, kipimo kimeongezwa saa fulani. Usilifute wala kulibadilisha lile la kwanza, liongezee. Daktari wa zamu ya usiku asiyejua habari anasoma potasiamu ikiwa na muda wa saa 11 jioni anadhani ni ya baada ya dawa, kumbe ni ya alfajiri.

Ukikataa, usikatae tupu. "Haiwezekani" peke yake inazaa ugomvi wa mwezi mzima kati ya wodi na maabara. Mi nasema hivi: "Dokta, ile ya asubuhi ilikaa na seli masaa 6, potasiamu itatoka ya uongo. Naomba nyekundu moja mpya, mililita 2 zinatosha, sista akiileta anipe mkononi nitaiweka mbele." Umempa sababu, umempa anachotakiwa kufanya, umempa na ahadi. Alafu ahadi uitimize, maana siku ukimwangusha mara moja kesho yake atakuwa anampigia mwenzako.

Mwisho wa mwezi kaeni na ile rejista hata nusu saa. Sisi tulipohesabu tukakuta karibu kila siku wodi ya wazazi wanaongeza LFT (vipimo vya ini) na kreatinini kwa akina mama wenye presha ya ujauzito, kumbe fomu yao ya zamani haikuwa na kisanduku cha hivyo vipimo, wanaandika FBP alafu wanakumbuka baadae. Tukaongea na mkuu wa wodi, tukaongeza visanduku viwili kwenye fomu, na zile simu za saa 9 mchana kutoka wodi ile zikabaki za kuhesabu.